Gemu la kuzimu ya Waazteki na Wamaya: ondoa mizani ya dhambi kwanza

Mkuu, umeuliza jinsi ya kupanga gemu lako ambamo mchezaji anakusanya pointi za wema, na akizidisha ubaya anatupwa Mictlan, kuzimu ya Waazteki, watu wa kale wa Mexico. Wazo la kutumia imani hizi ni zuri sana, lakini hiyo mizani itaua kilicho bora ndani yake. Kwa Waazteki, kilichoamua marehemu aende wapi ni namna alivyokufa. Matendo yake hayakupimwa.

Aliyekufa maji, aliyepigwa radi, mwenye jongo, ukoma au mwili uliojaa maji alikwenda Tlalocan kwa Tlaloc, mungu wa mvua, mahali pasipokosa mahindi, maboga na maua. Huyo hakuchomwa moto, alizikwa, na mashavuni akabandikwa mbegu za mchicha. Askari aliyeanguka vitani na mateka aliyetolewa kafara walilisindikiza jua toka alfajiri hadi utosini. Hapo wanawake waliofariki wakijifungua walilipokea, wakalishusha hadi magharibi. Baada ya miaka 4 wale askari waligeuka vipepeo na kolibri, ndege wadogo wanaofyonza maua kama chozi wa kwetu. Vichanga walikuwa na mti wao unaodondosha maziwa. Wengine wote, waliokufa kwa ugonjwa wa kawaida au uzee, mtawala na mkulima sawa, walikwenda Mictlan.

Kwa hiyo kwenye msimbo wa programu, chanzo cha kifo ndicho kinachochagua ramani. Tatizo litakaloibuka mapema: wachezaji watagundua kwamba wakijizamisha ziwani wanakwepa Mictlan, na wote watajizamisha. Dawa ni kuamua kifo mwanzoni, pale mchezaji anapochagua mhusika, kisha safari ianzie baada ya mazishi.

Mictlan ndiyo yenye nyama nyingi kwa mtengenezaji. Safari ni ya miaka 4 na sehemu 9. Maelezo aliyokusanya mtawa Bernardino de Sahagún kutoka kwa wazee wa Kinahua, watu wa jamii ya Waazteki, katika karne ya 16 yanataja milima miwili inayogongana, njia inayolindwa na nyoka, mjusi wa kijani aitwaye Xochitonal, majangwa 8, vilima 8, upepo wa visu vya obsidiani (jiwe jeusi la volkano lenye makali kama kioo), na mwisho mto Chiconahuapan. Kila kizuizi kilikuwa na karatasi yake: waliomwandaa maiti walimwekea karatasi wakimwambia hii utapitia hapa, na hii pale. Usizifanye mapambo. Hizo ni funguo, moja kwa kila lango, na akikosa moja atafute njia ndefu.

Kuhusu ule upepo: nguo, ngao na silaha za mwanamume, au vikapu na vifaa vya kufumia vya mwanamke, vilichomwa pamoja naye ili vimkinge huko. Asiyekuwa na kitu aliumia sana. Maana yake mkoba wa mchezaji hauokotwi njiani. Unajazwa na walio hai. Na sadaka zilichomwa siku ya 80, kisha kila mwaka hadi wa 4, jumla mara 5. Ukifanya mwaka mmoja kuwa saa 2 za kucheza, safari nzima ni saa 8 na sadaka ya kwanza inafika dakika ya 26 hivi. Usiiache saa peke yake iamue, maana mchezaji wa polepole atapokea kila kitu akiwa bado kwenye milima. Weka masharti mawili kwa pamoja: muda umefika na lango limevukwa.

Mtoni anahitaji mbwa wa manjano, aliyechomwa naye akiwa na uzi wa pamba shingoni. Mweupe hukataa, husema ametoka kuoga. Mweusi naye husema amejipaka weusi sasa hivi. Mpe mchezaji mbwa huyo mapema, tangu mazishi. Akikutana naye mtoni tu, hatakuwa na sababu ya kumjali. Ng'ambo kuna Mictlantecuhtli, bwana wa Mictlan, naye hapigwi. Anakabidhiwa zawadi, halafu marehemu anatoweka kabisa. Ukimgeuza bosi wa mwisho mwenye mstari wa uhai juu ya kichwa, umevunja imani yenyewe.

Kama utaonyesha na dunia ya walio hai, wale wanawake waliokufa uzazini hushuka kwenye njia panda siku 5 za kalenda yao ya siku 260, ambamo kila siku ina namba na jina: 1 Kulungu, 1 Mvua, 1 Nyani, 1 Nyumba na 1 Tai. Zimeachana siku 52 kamili, hivyo tukio la kujirudia umeshapewa bure.

Xibalba, kuzimu ya Wamaya, itenge. Hiyo ni ya Wamaya wa K'iche' wa Guatemala, imo katika Popol Vuh, kitabu chao cha masimulizi ya kale, na huko mchezo ni wa akili. Kuna mito ya nge, damu na usaha, kisha njia panda yenye barabara nne. Nyeusi ndiyo inayoita. Mabwana wa Xibalba ni 12, wengi wao jozi zenye maradhi yao: usaha, kukonda hadi mifupa, kutapika damu njiani. Waliokaa mbele ni sanamu za mbao, na anayezisalimia huchekwa. Mapacha Hunahpu na Xbalanque, mashujaa wa kisa hicho, walimtuma mbu awaume mabwana mmoja mmoja, nao mabwana wakatajana majina kwa maumivu. Fanya hivyo hivyo: bwana ambaye jina lake halijapatikana asiweze kushindwa.

Nyumba za mitihani za Xibalba zina majibu mahususi, na hapo ndipo gemu nyingi huharibu kwa kuweka mapigano. Katika Nyumba ya Giza unapewa mwenge na sigara, na asubuhi virudi vizima: mapacha waliweka manyoya mekundu ya kasuku kwenye mwenge na vimulimuli kwenye sigara. Katika Nyumba ya Chui, chui hutupiwa mifupa. Katika Nyumba ya Visu, visu huahidiwa nyama ya wanyama. Nyumba ya Popo ndiyo pekee ambayo tahadhari haikutosha. Hunahpu alichungulia kama kumekucha, akakatwa kichwa.

Kwa uwanja wa mpira, ambako mapacha walicheza na mabwana, tumia mpira mzito wa utomvu unaopigwa kwa nyonga. Katika ulama, mchezo wa mpira wa nyonga unaochezwa Mexico hadi leo, una kilo 3 hadi 4, kwa hiyo uruke chini, kwa nguvu, na ukimpata mchezaji tumboni umwangushe. Pete za mawe ukutani ziwekee uwanja wa mtindo wa Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya. Ukijenga mtindo wa Copán, mji mwingine wa Wamaya, ziache.