Kabla Hujanunua Roboti ya Kufagia, Piga Magoti Uvunguni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, naona unayo ile roboti ya kufyonza vumbi. Nimejiwekea hela yangu kidogokidogo, lakini mume wangu anasema ni mwanasesere wa watu wazima. Nipe jibu moja tu, ninunue au niache?"

Mdogo wangu, jibu moja sina, maana sakafu yako sijaiona. Ila swali hilo si lako peke yako. Tangu niweke kile kipande cha video ya roboti yangu mtandaoni, wengi wananiuliza hilohilo, na karibu wote wanauliza habari za mashine: ina nguvu kiasi gani, inakaa na chaji muda gani, kampuni ipi ni nzuri. Hakuna anayeniambia nyumba yake ikoje. Kwa niliyoyaona mimi, nyumba ndiyo inayoamua. Roboti ya kawaida kabisa inafanya kazi vizuri kwenye sakafu iliyo wazi, na ile ya kifahari inanyooshwa mikono na waya mmoja wa chaja.

Acha niseme yangu kwanza.

Mimi sipendi kufagia. Nimefundishwa, najua, nikishika ufagio kazi inaonekana, lakini sipendi. Nikirudi kazini jioni nikakuta vumbi limetanda kwenye vigae na manyoya ya paka yamejikusanya kwenye kona, natamani nigeuze nirudi nilikotoka. Tulikuwa na vakyumu ya kawaida, ile ya kuburuta, na ilikuwa inatoka kabatini Jumamosi kwa Jumamosi tu. Kuitoa, kuichomeka, kuivuta toka chumba hiki hadi kile, hiyo tayari ni kazi kabla ya kazi. Siku za katikati tuliishi na vumbi letu kwa amani.

Siku niliyotaja habari za roboti, wifi yangu mmoja alikuwa katutembelea. Akacheka sana. Mbele ya wageni akasema, "Kumbe siku hizi hata kufagia mpaka umeme! Kaka yangu kaoa mke wa rimoti." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini lile neno lilinikaa. Mimi ndiye ninayeamka wa kwanza nyumba ile na kulala wa mwisho, na wifi analijua hilo. Sikumjibu. Nadhani makala hii kwa sehemu ndiyo jibu lenyewe.

Nilichofanya baada ya hapo najisifia mpaka leo: sikukimbilia kununua, niliazima. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na ya zamani imelala tu kwake, nikamwomba nikae nayo kwa muda. Ilikuwa haina ramani ya nyumba wala leza, ule mwanga wa kupimia umbali. Inakwenda mbele mpaka igonge kitu, inageuka, inakwenda tena mpaka igonge kingine. Watu wanazidharau za namna hiyo, lakini kama unataka kuijua nyumba yako hazina mpinzani, kwa sababu zinajipeleka kila mahali pasipotakiwa.

Teknolojia hii si ya jana. Electrolux ya Sweden ilionyesha mfano wa roboti yake kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1996, ikaja kuiuza kwa jina la Trilobite mwaka 2001, nayo ilikuwa inatumia mawimbi ya sauti kukwepa vitu. Mwaka 2002 iRobot ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa na watu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha hukohuko, ikatoa Roomba, iliyokuwa ikitafuta njia kwa kugonga na kugeuka, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Leza ya kuchora ramani ililetwa sokoni na Neato mwaka 2010. Ukiambiwa leo "hii ina ramani, ile haina", tofauti inayosemwa ndiyo hiyo.

Basi, turudi sebuleni kwangu. Kapeti letu lina mistari mipana myeusi. Roboti ikafika kwenye mstari wa kwanza, ikasimama. Ikarudi nyuma, ikazunguka, ikaujia kwa upande wa pili, ikasimama tena palepale. Watoto wakaanza kuisukuma kwa mguu, wapi! Ikisukumwa ikakanyaga pale katikati inalia na kuzima. Nilidhani ni mbovu. Kumbe tumboni mwake, karibu na ukingo wa mbele, kuna sensa ndogo, yaani vihisio, zinazotupa chini mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kusubiri urudi. Ukirudi, maana yake kuna sakafu. Usiporudi, roboti inaamini imefika kwenye ngazi na inarudi nyuma isianguke. Rangi nyeusi inaumeza mwanga ule. Pale sisi tulipoona urembo, yenyewe ilikuwa inaona shimo. Wapo wanaoziba sensa hizo kwa utepe wa gundi. Kama nyumba ina ngazi, usijaribu kabisa. Sisi tulilihamishia kapeti chumba ambacho roboti haina kazi nacho.

Haya, kapeti lilikuwa moja. Kuna kochi ambalo uvungu wake ni mfinyu kiasi kwamba roboti iliingia nusu ikakwama, ikabaki inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Kuna zulia dogo la mlangoni lenye nyuzi pembeni, lile lilimezwa na burashi mpaka nikalikata upande mmoja. Kuna kizingiti cha chumba cha watoto ambacho haikukipanda hata siku moja. Nyingi hupanda kitu cha sentimita 2 hivi, zaidi ya hapo zinageuza. Na uvungu wa kitanda chetu, ambako mimi na ufagio wangu tulikuwa hatujafika siku nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa, iliingia bila shida ikatoka na kisanduku kimejaa. Mume wangu alipoona kile kilichotoka alinyamaza. Ndipo alipoacha kuiita mchezo.

Nikaamua kununua, nikiwa najua hasa ninanunua ya kufanya nini na wapi. Nikachukua yenye leza, kwa sababu nilitaka niiambie isiingie chumba fulani, na nilitaka ipite kwa mistari badala ya kuzurura. Nilipima uvungu kwa futi kabla ya kulipa. Zile zenye kibanda cha leza juu zinakaribia sentimita 10 kwenda juu, na mara nyingi kibanda kile ndicho kinachokwama.

Wauzaji watakuimbia paskali. Hii ina paskali 2,000, hii 5,000, hii 10,000. Usibabaike. Paskali ni kipimo cha mgandamizo, hakikuambii hewa kiasi gani inapita wala burashi inachambua vipi. Kwenye vigae au mbao, vumbi na makombo yamekaa juujuu, hata ya namba ndogo inayachukua. Kwenye kapeti lenye manyoya marefu, hata ya namba kubwa haifikii vakyumu ya kuburuta. Mimi niliuliza zaidi kuhusu burashi, na sijutii, kwa sababu nyumba yetu ina nywele ndefu na paka.

Hapo kwenye nywele niwe mkweli, maana matangazo hayaonyeshi. Geuza roboti chali. Fungua kile kifuniko, toa burashi kubwa. Nywele zimejisokota kwenye ncha zake mbili, zimekazana mpaka zimekuwa pete ngumu iliyochanganyika na vumbi na uzi wa nguo. Unapenyeza ncha ya mkasi, unakata, unavuta kipande kwa kipande. Kisha chomoa gurudumu dogo la mbele, nalo lina nywele zake kwenye mhimili. Kazi hii mtu haisikii mpaka awe tayari ameleta mashine nyumbani. Haichukui muda mrefu, lakini usipoifanya, burashi inaanza kukwama, mota inalia, na wewe unaanza kuandika kwamba roboti zote ni takataka. Kisanduku cha vumbi kwa nyingi hakifiki hata lita moja, kwa hiyo kimwage kila baada ya kazi. Filta ikung'ute, usiioshe kwa maji kama kijitabu hakijasema inaoshwa. Ipo pia ile yenye kituo kinachofyonza chenyewe uchafu kutoka kwenye roboti. Inapendeza, ila ina kelele, na mifuko yake utanunua milele.

Kuhusu kupiga deki: usidanganyike. Nyingi zinaburuta kitambaa chenye unyevu. Zenye vitambaa vinavyozunguka zina afadhali, lakini doa lililokauka linahitaji goti na mkono.

Sasa inafanya nini kwangu? Kila asubuhi tukishatoka, inatoka. Haijawahi kusafisha kama mimi nikiamua kusafisha. Lakini mimi siamui kila siku, yenyewe inaamua. Jioni nikirudi natembea peku na nyayo hazishiki mchanga. Vakyumu ya kuburuta bado inatoka siku moja moja kwa ajili ya makapeti na kona, maana roboti ni ya duara na kona zetu si za duara. Mtu akikuambia aliuza vakyumu yake baada ya kununua roboti, muulize kona zake zikoje.

Jambo lililobadilika zaidi ni sisi. Roboti haiokoti soksi. Haiokoti waya, haiokoti penseli, haijui kwamba kile ni kiatu cha mtoto. Wiki za mwanzo nilikuwa mimi ndiye ninayezunguka asubuhi nikiokota vitu ili mashine ipite, nikagundua nimejiajiri kuwa msaidizi wa roboti. Nikakataa. Tulikaa kikao. Kila mtu anainua vyake kabla ya kulala, na kitakachomezwa kimemezwa. Waya wa chaja ya simu ya mume wangu ulimezwa. Sikusema neno. Tangu hapo anainua waya kuliko mtu yeyote. Mama wa nyumba anayesoma hapa, nisikilize: ukinunua mashine hii bila kuzungumza na watu wako, umejinunulia kazi mpya juu ya zile ulizonazo. Na baba anayesoma hapa, usimnunulie mkeo zawadi hii halafu ukaacha soksi sakafuni. Sijui nani alituambia kwamba mgongo unaouma ndiyo heshima ya mwanamke. Kuna watu wanamsifu mama aliyeinama kutwa nzima, na kumsema aliyebonyeza kitufe akakaa na wanawe. Mimi nimechagua kitufe, na nyumba yangu ni safi kuliko ilivyokuwa nilipokuwa nainama.

Wifi alikuja tena. Akavua viatu, akatembea sebuleni, akaangalia chini. Hakusema kitu mpaka anaondoka, ndipo mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, ile yako ni aina gani?" Nilimwambia. Hata modeli nilimwandikia. Lakini nilimfanya asubiri kidogo.

Kuna jambo la mwisho ambalo watu wanalipuuza. Nyingi ya mashine hizi zinategemea programu ya simu na seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali, na mara nyingi zinataka Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4, si ya 5. Kampuni ikianguka, ramani na ratiba zako ziko mashakani. Si maneno ya kutishana: mwaka 2023 Vorwerk, kampuni mama ya Neato, ilitangaza kuifunga Neato, walewale waliotuletea leza. iRobot nayo iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Desemba 2025. Kwa hiyo uliza: kitufe cha juu ya mashine kinaiwasha bila simu? Na kama ina kamera, fikiria vyumba inavyoingia. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review liliripoti kuvuja kwa picha za ndani ya nyumba za watu zilizopigwa na roboti za majaribio, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni. Leza haipigi picha, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuichagua.

Basi, mdogo wangu, kama nyumba yako ina ngazi kila baada ya chumba, vizingiti virefu, au mnyama anayejisaidia ndani, hela yako iache ilipo. Hilo la mwisho sitalieleza. Fikiria tu magurudumu yanapita juu yake kisha yanaendelea na safari chumba hadi chumba. Kama sakafu yako ni ngumu na tambarare, vumbi ni la kila siku, na watu wako wanakubali kuinua vitu vyao, nunua, na mumeo atazoea.

Ila leo usinunue. Leo chukua futi, piga magoti, pima uvungu wa kitanda na wa kochi, pima vizingiti, angalia kapeti lina weusi kiasi gani. Ukiweza kuazima ya mtu, azima. Kisha tafuta betri, filta na burashi za modeli unayoitaka, uone kama zinauzwa peke yake. Betri hizi za lithiamu huchoka baada ya miaka kadhaa, na kama vipuri huvipati leo mashine ikiwa mpya, modeli hiyo iache, tafuta nyingine. Ukishapata vipimo niandikie, nitakuambia kama mimi ningenunua.