Eksirei safi haimtoshi mkata mawe

SWALI: Shikamoo daktari. Nakata mawe ya Mazeras kwa grinda hapa Changamwe, huu mwaka wa saba. Kwa miezi sasa nakohoa kila asubuhi, na ngazi zimeanza kunichosha. Nilipiga eksirei ya kifua nikaambiwa ni safi. Tajiri hutupa maziwa kila jioni ya kuondoa vumbi. Nitulie?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Usitulie bado. Maziwa kunywa, ni chakula, lakini yanaingia tumboni na vumbi liko mapafuni.

Jiwe la Mazeras si kama lile la matumbawe la kwenye matimbo ya pwani, ambalo zaidi ni chokaa. La Mazeras ni mchanga ulioshikana, na mchanga huo umejaa madini yaitwayo silika. Ukilikata kavu, lile vumbi linalokujaa kwenye nyusi utalinawa. Linaloumiza ni jembamba usiloliona, linalofika chini kabisa mapafuni na kuacha makovu. Upepo wa bahari hausaidii sana, maana unapoinama pua iko juu ya diski.

Eksirei huonyesha makovu yakishakusanyika. Silikosisi, yaani ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na vumbi la silika, kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi, ingawa vumbi likiwa zito huja kati ya 5 na 10. Siku ya kurudia eksirei, hakikisha fomu imeandikwa kazi yako, ili msomaji atafute vitone vidogo sehemu ya juu ya mapafu na kuilinganisha na picha sanifu za ILO, Shirika la Kazi Duniani.

Kipimo ulichokosa ni spairometri, yaani kupima pumzi ya mapafu. Unabanwa pua, unavuta pumzi hadi mwisho, unapuliza kwa nguvu zote mpaka uambiwe basi, angalau mara tatu. Hapa wengi hupotezwa na ripoti. Pumzi yako hulinganishwa na ya mtu wa umri, kimo na jinsia yako, na mara nyingi haitiliwi shaka mpaka ishuke chini ya asilimia 80. Sasa fundi wa kazi nzito huenda alianza na asilimia 110. Akifika 88 amepoteza moja ya tano, na karatasi bado inasema "kawaida". Kwa hiyo dai namba zenyewe kwa lita, rudia kila mwaka, tunza karatasi zote. Umri peke yake hupunguza takriban mililita 30 kwa mwaka. Pumzi ikishuka asilimia 15 ndani ya mwaka, muone daktari wa kifua.

Kikohozi chako kimepita wiki 2, kwa hiyo kabla ya yote toa makohozi yapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert. Silika huifungulia TB mlango, na dawa zake ni bure katika hospitali za umma.

Gharama ya uchunguzi wa afya kwa kazi za hatari kama hii, kanuni za Kenya za 2005 zinamwekea mwajiri. Makovu hayana dawa, kwa hiyo ukipatikana nayo tiba kubwa ni kuachana na vumbi. Hata kabla ya majibu, diski itiwe maji, kisha uvae barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi jembamba. Kitambaa hakizuii vumbi hilo, na kwenye ndevu barakoa haikazi.