Kipande cha losheni kinacholegea: angalia mafuta kwanza

Unasema kipande chako cha losheni ngumu ya kupaka kinalegea kikiwa bado ndani ya kopo, na nusu yake ni mafuta ya nazi. Hapo ndipo penye tatizo. Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo siku ya joto hayakusaidii kushika umbo.

Anza na sehemu moja ya nta ya nyuki, moja ya siagi ya kakao na moja ya mafuta yasiyoganda. Pima kwa mizani, kijiko kitakudanganya. Siagi ya kakao hubaki ngumu hadi karibu nyuzi 34, ndiyo maana hutulia mezani halafu ikalainika ikigusa ngozi.

Ukitaka kuongeza shea (siagi ya kokwa za mti wa shea), ni nzuri mno kwa ngozi kavu, ila ikipoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Hazidhuru, zinakera tu. Yeyusha nta kwanza kwenye bakuli juu ya maji ya moto (inataka nyuzi 62 hadi 64), toa motoni, ndipo utie shea. Mimina, weka kwenye friji papo hapo.

Nta ikizidi, kipande kinakwaruza na hakiachi kitu mkononi. Kama hutaki ya nyuki, ipo ya kandelila, itokanayo na mmea, lakini ni ngumu zaidi: anza na nusu ya kiasi. Mafuta yasiyoganda, chagua upendayo. Mimi ni wa jojoba, hayachachi upesi.

Kabla ya kumimina, dondosha tone kwenye kijiko baridi ulisugue mkononi likishaganda, uone kama ugumu unakufaa.