Rejeta inavuja? Anza na karatasi ya chooni

Baridi ya kwanza niliyoikuta Coventry, niliharibu zulia la watu. Rejeta ya chumbani, lile bamba la chuma ukutani linalopitishiwa maji ya moto na mfumo wa kupasha nyumba joto, ilikuwa ya moto chini, juu ya baridi kabisa. Nikampigia simu kaka mmoja wa Tanga aliyenitangulia huku Uingereza, akanijibu kwa kifupi: "Ina upepo hiyo, mdogo wangu. Itoe upepo."

Maneno hayo sikuyaona mageni. Nimekulia jirani na gereji, nimeshuhudia mafundi wakitoa upepo kwenye lori la dizeli lililokaukiwa mafuta: legeza nati, pampu kwa mkono, povu likiisha kaza. Nikaona kazi ndogo hii. Nikatia ufunguo kwenye kile kipini cha juu pembeni, kiskrubu cha kutolea upepo, nikazungusha, nikazungusha tena, mpaka kikachomoka na kuangukia nyuma ya kitanda. Maji meusi kama wino yakaruka hadi ukutani. Nilibaki nimeziba tundu kwa kidole gumba, naita watu wa chini waje na ndoo, na maji yenyewe ya moto.

Makosa yalikuwa mawili. Sikuzima mfumo, kwa hiyo pampu ilikuwa bado inasukuma. Halafu kipini kile hakifunguliwi chote. Robo mzunguko yatosha, ukizidisha sana ni nusu.

Sasa nafanya hivi. Nazima boila, mtambo unaopasha maji ya mfumo, nangoja rejeta zote zipoe. Naanza za chini, namalizia ghorofani, maana upepo hupanda. Ufunguo wake ni kitu cha bei ya chee katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na rejeta nyingi za siku hizi hukubali hata bisibisi bapa. Tambara chini ya kipini, zungusha taratibu kinyume cha mshale wa saa, utasikia inapumua: sss. Ikianza kutema maji, funga. Wala usiwe na sigara mdomoni wakati huo, kwa sababu kinachotoka si lazima kiwe hewa tu. Kutu ikila chuma ndani ya mfumo uliofungwa huzalisha haidrojeni, nayo hushika moto. Ukiona rejeta ileile inataka kutolewa upepo kila baada ya wiki mbili, na katikati hapo geji ya presha haishuki yenyewe, ishuku haidrojeni hiyo.

Geji iko kwenye boila. Ukishatoa upepo presha hushuka, na mfumo ukiwa wa baridi inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5. Kuongeza maji kuna kibomba kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, mara nyingi chini ya boila, chenye valvu. Fungua polepole huku jicho liko kwenye geji, kisha funga, na uhakikishe umefunga kweli. Ukisahau, presha ikifika 3 valvu ya usalama itayamwaga maji nje kupitia bomba la ukutani. Nyumba za zamani zenye tangi darini hazina habari hizi, maji hujijaza yenyewe.

Hicho kibomba ndicho kilichonidanganya. Mwaka wa pili nilihamia nyumba nyingine, geji ikawa inashuka kila wiki, na mimi kila Jumamosi naongeza maji, nashukuru Mungu, nalala. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Sikujua kwamba maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni ndiyo chakula cha kutu. Maji yakikaa humo muda mrefu bila kubadilishwa, oksijeni yake huisha na kutu hupungua kasi. Mimi nilikuwa nailisha kila wiki. Mwezi wa Machi rejeta ya sebuleni ikatoboka chini, tundu la kupenya ncha ya sindano, na ukubwa wa tundu haukuizuia kulowesha sakafu yote.

Kwa hiyo geji ikishuka tena na tena, tafuta yanakokwenda maji. Macho pekee hayatoshi, kwa sababu tone likiangukia bomba la moto hukauka kabla hujaliona. Futa kila kiungo kikauke, kisha ukifunge karatasi ya chooni kavu, ukalale. Asubuhi karatasi iliyolowa au yenye doa la kahawia itakuonyesha.

Mara nyingi ni kipini chenyewe. Kaza kidogo tu, maana shaba ni laini na ukitumia nguvu utakula pembe zake, kisha ufunguo haushiki tena. Sehemu ya pili ni pale kijiti cha valvu kinapotokea, chini ya kile kifuniko cha plastiki. Kuna kinati kidogo pale, na sehemu ndogo tu ya mzunguko kwenda kulia imenimalizia uvujaji zaidi ya mara moja.

Kama ni nati kubwa, ile ya kuunganisha bomba na valvu au valvu na rejeta, tumia spana mbili. Moja ishike mwili wa valvu usisogee, nyingine igeuze nati. Spana malaya, ile ya kurekebisha upana, inafaa (samahani, ndilo jina lake Bongo). Ukitumia moja tu utalikunja bomba, na ulikuwa na mvujo mmoja sasa una miwili. Ikikataa hata hivyo, basi ni ya kufunguliwa na kuzungushiwa tredi tepu (utepe wa kuzibia nyuzi za nati), na hapo lazima maji yatolewe kwanza.

Mwili wa rejeta ukitoboka, usihangaike na gundi. Nunua nyingine. Ila rejeta ina valvu mbili, moja kila upande: wakati wa kufunga ile isiyo na namba za kupangia joto, hesabu mizunguko na uiandike. Ukiirudisha tofauti, chumba kimoja kitachemka na kingine kitaganda. Ukimaliza, rudisha kwenye mfumo dawa ya kuzuia kutu inayochanganywa na maji yake, kwa sababu sehemu yake umeimwaga pamoja na maji. Na rejeta ikiwa baridi chini badala ya juu, hiyo haina upepo, ina tope la kutu, inataka kusafishwa.

Wapangaji wenzangu, kabla hamjashika spana: kwa England, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya kupashia nyumba joto na maji moto. Wengi wetu tunaona haya kumsumbua, tunakaa na makoti ndani. Kutoa upepo jifanyie, lakini mvujo mwandikie ujumbe, upige na picha.

Rejeta na mabomba yake mtu anaweza kujaribu mwenyewe. Ndani ya boila ya gesi usiguse kabisa. Hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi Uingereza, na ana kadi. Muombe uione, kisha uigeuze: nyuma ndiko zilikoandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.