Bastola ya pinki ya shemeji
Kaka wa Houston, unalalamika shemeji anataka bastola ya pinki iliyozidi bei ile nyeusi, na wewe mwenyewe kabatini una bunduki tatu za kuwindia! Hapo huna la kusema. Rangi muachie. Kinachonitia wasiwasi kwenye hizi "za kike" ni udogo: bastola nyepesi ya risasi za saizi .38, ukifyatua, hupiga teke zaidi kiganjani kuliko nzito ya risasi hiyo hiyo. Smith & Wesson, watengenezaji bastola, walilirudisha jina lao la bastola za kike, LadySmith, mwaka 1989, ila jina halipunguzi teke. Nendeni wote kwenye uwanja wa shabaha, akodi mbili tatu, akoki mwenyewe, apige. Ukimchagulia wewe, itaozea droo. Na watoto mnao, hivyo sefu itangulie.