Mbunge akijenga nyumba ya bibi, hela ni ya nani?

SWALI: Anko shikamoo. Mi fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, juzi kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema zile nyumba mbunge Dkt. Tulia Ackson anazojengea wazee, na zile mbio zake, ni hela ya mfuko wa jimbo. Mwingine anasema ni mshahara wake. Mi nikasema anachangisha kwa wadau. Nani kapatia? Alafu ye ni wa huku kweli au chama kilimleta tu?

JIBU: Marahaba fundi, ndaga fijo kwa swali.

Wa huku, tena wa huku haswa, kazaliwa Tukuyu 1976. Sheria kasoma Mlimani, udaktari wa falsafa kauchukua Cape Town 2007, akarudi kufundisha, 2015 akawa Naibu Mwanasheria Mkuu na mwaka huohuo Magufuli akamteua mbunge, akachaguliwa naibu spika. Ila huyo mwenzenu wa "kaletwa" msimcheke sana, maana miaka mitano ya kwanza bungeni hakuwa na jimbo, kura za Mbeya Mjini alizipata 2020 alipomtoa Sugu wa Chadema aliyekaa miaka 10. Uspika ulikuja 2022, urais wa Umoja wa Mabunge Duniani 2023, na 2025 jimbo lilipomegwa akaenda kugombea Uyole.

Sasa hapo kwenye kuteuliwa ndo jibu lako lilipo. Mfuko wa jimbo ni hela ya serikali, una sheria yake ya 2009, unapewa jimbo sio mtu, kwa hiyo mbunge wa kuteuliwa hapati hata mia. Na ye taasisi yake ya Tulia Trust inayojenga hizo nyumba, tamasha la ngoma kule Tukuyu na hizo mbio, alivianza kabla hajawa na jimbo lolote! Taasisi hiyo inachangisha kwa wadau na kwa wakimbiaji wanaolipia kushiriki. Kama naye anatoa chake mfukoni kuchangia, hiyo ni hiari yake.

Mi ninachowaambia watu ni msichanganye shukrani. Nyumba ya taasisi, mshukuru aliyejenga, basi. Ila saruji ya mfuko wa jimbo ni kodi yako fundi, kamati yake mwenyekiti ni mbunge mwenyewe, hela inapitia halmashauri na miradi inatakiwa itoke kwenu mtaani, kwa hiyo hela hiyo huiombi kwa magoti, unamuuliza diwani zimekuja ngapi na zimeenda wapi. Mama mkwe wangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka kwa mabati ya shule, kumbe ya mfuko, nikamwambia akaninunia wiki nzima.

Kwa hiyo wewe umepatia, chai alipe yule wa mfuko wa jimbo, na ipashwe kwanza, baridi ya Mbeya mnaijua.