Jibu: Mota ya pampu ya bwawa inachemka na kujizima

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: mota inawaka vizuri, baada ya dakika 20 inachemka na kujizima, ikipoa inarudi yenyewe. Hiyo ni kinga ya joto iliyo ndani ya mota. Usiikwepe kinga hiyo kwa kuunga waya moja kwa moja, utaunguza mota.

Anza na umeme. Pima volti pale waya zinapoingia kwenye mota, ikiwa inazunguka, siyo kwenye soketi. Bamba la mota (kile kibati chenye maelezo yake) likisema volti 230 nawe unapata chini ya 207, mota inavuta ampea nyingi, lazima ichemke. Mimi huku Moshi, kwenye nyumba ya wageni ninayohudumia, nilibadilisha kapasita (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), nikabadilisha na beringi (gololi zinazobeba shafti, yaani mhimili unaozunguka), hasara tupu. Kumbe waya wa kwenda bwawani ulikuwa mwembamba, na ni karibu mita 40, volti zinapotea njiani! Tulivuta waya mnene, kesi ikaisha.

Volti zikiwa sawa, zima swichi kuu, safisha matundu ya feni (vumbi la kiangazi unalijua), kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, beringi zimekwisha, na mara nyingi ni sili (kizuizi cha maji kati ya pampu na mota) iliyovujisha maji. Kubadili beringi ukaacha sili ni kutwanga maji kwenye kinu.

Halafu hicho kibanda cha mabati ulichokitaja, mota inapokaa, kina upenyo wa hewa? Jua la mchana likikipiga, ni tanuri.

Mambo ya koili (waya zilizosukwa ndani ya mota) siyagusi, mpelekee fundi wa kusuka mota.